Sitara ya Mgonjwa ni Deni la Nani?

Anayekojoa damu, akipita mikononi mwa daktari makini, hafiki mbali kabla ya kuambiwa kwamba kibofu chake kinahitaji kuangaliwa kwa ndani. Kipimo chenyewe huitwa sistoskopi: kamera nyembamba huingizwa kupitia tundu la mkojo hadi kwenye kibofu, daktari akatazama. Hakuna kisu wala mshono. Hata hivyo wapo wanaopangiwa siku na hawaonekani tena, na si kwa kukosa nauli tu. Wanachokikimbia ni kulala chali, nguo imepandishwa, mbele ya watu wasiowajua. Kwa aliyelelewa katika misingi ya sitara, awe mtu wa msikitini au wa kanisani, hili ni swali la imani kabla halijawa la tiba: je, naruhusiwa kujifunua namna hii, na nikishajifunua nitabaki na heshima yangu? Naona tumemwachia mgonjwa swali hili alibebe peke yake, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliomo chumbani wa kulitatua. Sitara ya mgonjwa ni deni la wanaomwona. Na sehemu kubwa ya deni hilo hulipwa kwa maneno, yaani kwa kumweleza kila kitakachotendeka kabla hajavua hata kiatu.

Uzito wa jambo lenyewe ujulikane kwanza. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo, aligundua minyoo ya kichocho ndani ya maiti aliyokuwa akiichunguza. Mwaka 1911 mtafiti Ferguson, naye akiwa huko Misri, aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likakiweka kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kichocho cha namna hiyo ndicho kilichosumbua Unguja na Pemba kwa vizazi, na kipo katika vijiji vya kusini mwa Ziwa Victoria na katika mabonde ya pwani ya Kenya, popote konokono wa maji baridi anapokutana na watoto wanaooga, akina mama wanaofua na wakulima wa mpunga. Katika sehemu nyingi zenye ugonjwa huu mvulana akikojoa damu huchukuliwa kuwa anabaleghe, basi hapelekwi popote. Akishakuwa mtu mzima, saratani inaweza kumjia kimyakimya. Damu hutoka siku mbili bila maumivu, hukatika, hupotea miezi kadhaa. Mwenyewe hushukuru kwamba ile dawa ya mizizi imemfaa. Inaporudi pamoja na maumivu, mara nyingi uvimbe umeshazama kwenye ukuta wa kibofu. Altrasaundi husaidia sana na ni vizuri itangulie, lakini uvimbe mdogo, hasa ule ulio bapa kama doa jekundu, hupita bila kuonekana. Jicho la kamera huuona, na kupitia njia hiyohiyo daktari hukata kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Kwa hiyo anayekataa kipimo kwa ajili ya sitara anaweka rehani kitu kikubwa, na ana haki ya kujua kama dini yake kweli imemtaka afanye hivyo.

Haikumtaka. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliliona jambo hili zamani, kabla hapajakuwa na kamera wala umeme. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika katika kitabu chake al-Mughni kwamba tabibu anaruhusiwa kutazama sehemu ya mwili ambayo haja imelazimisha kutazamwa, hata ikiwa ni tupu. Kanuni za fikihi zilizokusanywa na Dola ya Othmani katika Majalla, karne ya 19, zinasema kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kwamba haja nzito inaweza kushika nafasi ya dharura. Ile ya pili ina maana sana hapa, kwa sababu anayekojoa damu leo hafi leo. Mtu anaweza kusema hajafikia dharura. Kanuni inamjibu kwamba si lazima afike ukingoni mwa kaburi ndipo aruhusiwe kutibiwa. Upande wa Wakristo, kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia wanayotumia Wakatoliki, kinamtaja tabibu kwa heshima na kumhesabu kuwa kazi ya Mungu mwenyewe. Hakuna huko wala huku penye mafundisho kwamba mwili mgonjwa ufichwe mpaka uoze.

Ila kanuni ile ya dharura ina ndugu yake, na huyo ndiye anayesahauliwa: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Watu huisoma kama onyo kwa mgonjwa asijiachie. Mimi naisoma kuwa amri kwa aliyesimama juu yake. Mgonjwa aliyelala chali chini ya taa, pengine miguu yake imeganda kwa sindano ya ganzi, hana namna ya kupima kadiri yoyote. Hajui ni sehemu gani ya mwili inahitajika wazi, kwa dakika ngapi, wala nani kati ya waliomo chumbani ana kazi ya kufanya na nani amekuja kuchukua simu yake aliyoisahau. Anayejua hayo ni daktari na muuguzi. Basi mizani iko mikononi mwao, na hesabu ya kilichozidi itakuwa juu yao. Kisa cha Nuhu katika sura ya 9 ya Mwanzo kinakwenda njia hiyohiyo. Mzee amelala hemani akiwa uchi, hajitambui. Shemu na Yafethi walichukua nguo mabegani, wakaenda kinyumenyume ili wasimwone, wakamfunika. Lawama ilimwangukia mwana aliyeona kisha akatoka nje kuwahadithia wenzake. Kufunika kulikuwa kazi ya wenye macho na nguvu.

Nasi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali, maana tunalitenda kila anapofariki mtu. Waosha maiti wa Kiislamu hawamwachi marehemu wazi. Nguo hutandazwa kuanzia kitovuni hadi magotini, mkono hupita chini yake ukiwa umefungwa kitambaa, chumba hubaki na wanaohitajika tu, na alichokiona mwoshaji mwilini mwa marehemu, kama ni alama, kidonda au kasoro, hakitoki mlangoni. Hakuna anayesema marehemu amevunjiwa heshima kwa kuoshwa. Wakunga wetu wameishi kwa mwiko uleule. Tunayo maarifa ya kugusa tupu ya mtu mwingine kwa adabu, na tumeyatunza kwa karne nyingi. Ni ajabu kwamba maarifa hayo huishia kwenye geti la hospitali, hata mtu aliye hai, anayesikia na kuona haya, akatendewa kwa uangalifu mdogo kuliko maiti.

Sasa nieleze kwa nini nasema deni hili hulipwa kwa maneno. Aibu ya kuvuliwa nguo ina sehemu mbili: kuonekana, na kushtukizwa. Ya kwanza haiepukiki kabisa. Ya pili inaepukika yote, kwa kumweleza mgonjwa mapema, akiwa amekaa kwenye kiti na nguo zake mwilini, tena kwa lugha anayoielewa. Maelezo hayo si marefu. Kamera zipo za namna mbili. Ya kupinda ina unene wa karibu milimita 5. Mgonjwa hulala chali tu, na kazi ya kuangalia huchukua dakika 5 hadi 10. Ya chuma, isiyopinda, ni nene zaidi, huhitaji miguu iinuliwe na kutanuliwa kwenye vishikio, na mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au kwa usingizi. Si kila hospitali ina ile ya kupinda, kwa hiyo ulizia ni ipi inayokusubiri. Kwa kipimo cha ganzi ya jeli unakula na kunywa kama kawaida, isipokuwa umeagizwa vingine. Kwa ganzi ya mgongoni au usingizi utaambiwa ufunge kula, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Mkojo hupimwa kwanza, kwa sababu ukiwa na maambukizi ni afadhali yatibiwe kabla ya kamera kupita. Daktari aambiwe mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una mimba, au kama ganzi iliwahi kukudhuru.

Ndani ya chumba, sehemu za siri husafishwa kwa dawa ya baridi, na shuka yenye tundu hutandazwa juu yako, kiasi kwamba kinachobaki wazi ni kidogo kuliko ulivyohofia. Jeli ya ganzi huingizwa kwenye njia ya mkojo, inachoma kidogo, kisha husubiriwa dakika kadhaa ishike. Mgonjwa anaweza kuomba isiharakishwe. Mwanamume ana njia ya karibu sentimita 20 na mwanamke karibu 4, kwa hiyo wanaume ndio wanaosikia zaidi, hasa kamera inapofika kwenye msuli unaobana mkojo na inapopita tezi dume. Hapo ndipo elimu inapokuwa dawa. Msuli ule hukaza mtu anapoogopa na hulegea anapojaribu kukojoa. Mgonjwa aliyeelezwa huvuta pumzi, hujifanya anakojoa, na kamera hupita. Aliyeshtukizwa hujikaza, na maumivu huongezeka. Baadaye maji safi hutiwa kibofu kikunjuke, ukajisikia unataka kukojoa sana. Hisia hiyo ni ya maji, hujajiaibisha, na ukivuja matone hakuna atakayeshangaa. Ukirudi nyumbani, mkojo unaweza kuchoma na kuwa wa waridi kwa siku moja au mbili, na maji mengi husaidia. Homa, mkojo kukataa kutoka, damu nzito au yenye mabonge ni vya kurudi navyo hospitalini upesi, hata kama ni usiku.

Yapo na yasiyoulizwa kwa sauti. Binti ambaye hajaolewa, na mama yake aliyemleta, wanaogopa kwamba kipimo kitamwondolea ubikira. Hakiuondoi: tundu la mkojo la mwanamke ni njia yake yenyewe, iko juu ya njia ya uzazi, na kamera haipiti kwenye njia ya uzazi. Mwanamume anaogopa nguvu zake. Kipimo cha kutazama kibofu hakigusi mishipa inayosimamisha uume; anachoweza kukipata ni mwasho wa siku chache. Muuguzi mwenye hekima huyasema haya bila kusubiri kuulizwa, kwa sababu wanaoyahitaji zaidi ndio wasiothubutu kuyauliza. Na Mwislamu ana maswali ya ibada. Kipimo hakileti janaba, ila udhu hutenguka kwa kinachotoka, na mkojo wenye damu ukigusa nguo huoshwa. Anayedondoka bila kuweza kujizuia hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akasali. Kuhusu saumu, wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kauli yenye nguvu humo ni kwamba kitu kikiingizwa kwenye njia ya mkojo hubatilisha funga. Baraza la kimataifa la fikihi, likikutana Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba mpira wa mkojo, kamera, dawa na maji ya kuoshea kibofu vikipita njia hiyo havifunguzi. Asiyeridhika na uamuzi huo, na ambaye hali yake inaruhusu kusubiri, aweke kipimo usiku au baada ya Ramadhani. Na ambaye haiwezi kusubiri, maradhi ni udhuru unaojulikana na siku hulipwa. Daktari si mufti, lakini akijua kwamba suala hili lipo ataweza kupanga tarehe bila kumlazimisha mtu achague kati ya kibofu na funga yake.

Atatokea wa kunipinga kwamba kuona haya ni sehemu ya imani, na kwamba ninaifundisha jamii kuizoea tupu. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu jamii isiyoona haya huumiza wanyonge wake kwanza. Lakini haya ya kweli humzuia mtu na ubaya. Haijawahi kuwekwa imzuie na elimu au uhai. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na waliyoyauliza yalikuwa ya ndani kabisa. Rubayyi binti Muawwidh alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyofuatana na jeshi la Mtume, wakiwapa watu maji na kuwauguza majeruhi. Hawa ndio kizazi tunachokirejea kila tunapotaka mfano wa heshima. Sioni vipi mtu wa leo adai haya kubwa kuliko yao.

Mwingine atasema: sawa, lakini mke wangu asitazamwe na mwanamume. Hapa namkubalia zaidi ya nusu. Baraza lilelile la fikihi, mwaka 1993, lilipanga ngazi: mwanamke mgonjwa atibiwe na daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana, daktari mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu, akikosekana, mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu, kwa sharti kwamba atazame kinachohitajika tu na pawepo mahram (ndugu asiyeweza kumwoa), mume au mwanamke mwaminifu. Mgonjwa ana haki ya kuomba ngazi ya kwanza, na hospitali ina wajibu wa kuitafuta kwa bidii, pasipo kumwona mkorofi. Ila mabingwa wa njia ya mkojo kwetu ni wachache, na wanawake kati yao ni wachache zaidi. Mume anayesimama ngazi ya kwanza wakati ngazi yenyewe haipo, akamrudisha mkewe nyumbani na damu yake, hajautii uamuzi huo. Ngazi iliwekwa ili mgonjwa afike kwenye tiba. Muuguzi mwanamke akae chumbani muda wote. Hilo hospitali yoyote inaweza, na linaziba sehemu kubwa ya hofu.

Pingamizi gumu zaidi hutoka kwa wauguzi wenyewe. Wodi imejaa, pazia limechanika, foleni inafika nje, na mtaalamu anaondoka saa nane. Ninyi mnataka tukae kumweleza kila mtu? Ni kweli kwamba wanabebeshwa kazi ya watu watatu, na ni dhuluma kuwadai adabu huku tukiwanyima vitendea kazi. Hata hivyo, kufunga mlango hakuna gharama. Kumfunika mtu khanga yake mwenyewe mpaka dakika ya mwisho hakuna gharama, wala kumwita jina lake badala ya kutangaza koridoni kwamba wa kibofu aingie. Maelezo yote niliyoyaandika hapo juu yanasomeka kwa dakika chache, na yanaweza kutolewa kwa wagonjwa wote wa siku hiyo wakiwa wameketi pamoja, kila mmoja akaachiwa nafasi ya kuuliza la siri yake faraghani. Suala la wanafunzi ni zito zaidi. Daktari wa kesho hana pa kujifunzia isipokuwa kwa wagonjwa wa leo, na kujifunza huko nako ni haja ya umma. Lakini haja hiyo nayo hupimwa kwa kadiri yake: mmoja au wawili, walioombewa ruhusa mgonjwa akiwa bado amevaa, na wanaotoka akisema hapana bila yeye kupunguziwa huduma. Kumkuta mtu ameshalala, kisha wakaingia wanane, ni kumchukulia ruhusa ambayo hakuitoa.

Wapo pia wanaodhani kumweleza mgonjwa yote ni kumtisha akimbie. Wapo watakaotishika, siwezi kukana. Lakini anayekimbia kwa kujua anaweza kuitwa tena, akashawishiwa, akapewa siku nyingine au daktari mwingine. Anayekimbia baada ya kushtukizwa huondoka na jeraha, na hulisimulia kijijini. Na saratani ya kibofu ina tabia inayofanya tofauti hii iwe ya uhai na mauti: hupenda kurudi hata baada ya uvimbe kukwanguliwa wote. Kwa hiyo aliyekutwa nayo huitwa tena kwa kamera baada ya miezi mitatu, na kama ni ya hatari kubwa huendelea kuitwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi kwa miaka mingine. Hakuna sheria inayoweza kumkokota mtu mzima hospitalini mara nane. Atakuja kwa miguu yake, kama siku ile ya kwanza alijua kinachokuja, alifunikwa, aliitwa kwa jina lake, na aliyoonekana nayo yalibaki mle chumbani.